Anayesoma Peke Yake Apewe Siku za Mtihani

Wako katika chama chetu watu wanaosomea digrii, na wenzao hawajui. Yuko karani wa stesheni anayefungua kitabu baada ya gari la mizigo la usiku kupita. Yuko fundi wa karakana aliyejaza simu yake masomo ya uchumi. Yuko gadi anayetembea na daftari katika mfuko wa koti, nasi tulidhani ni daftari la madeni. Hawasemi, kwa kuwa wanaogopa kuchekwa, na tena wanaogopa zaidi kwamba mkubwa wa kazi akisikia atadhani wanakitaka kiti chake. Haya tunayaandika kwa ajili yao, lakini twaomba hasa wale wasiosoma wayasome, maana jambo lenyewe ni la chama kizima.

Mtu anayesoma namna hii hana darasa wala mwalimu wa kumwita kwa jina. Hujiandikisha katika chuo, hulipa ada, hupewa orodha ya vitabu na mafundisho, kisha huachwa na nafsi yake mpaka siku ya mtihani. Zamani vitabu vililetwa na posta. Siku hizi hupitia intaneti, na mtu aweza kuvisoma akiwa Voi au Malaba bila kungoja mfuko wa barua. Lakini upweke ni ule ule, na saa za usiku ni zile zile.

Wengine hudhani kwamba digrii ya namna hii ni digrii ya bandia, iliyobuniwa juzi na wafanya biashara. Sivyo. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiokaa chuoni mwaka 1858, yaani miaka 38 kabla reli yetu haijaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, ambacho wengi hukiita UNISA, kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946. Huko Uingereza tena, mwaka 1969, serikali ilianzisha Chuo Kikuu Huria, na waziri aliyekipigania alikuwa Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe. Chuo hicho hakikumwuliza mtu cheti cha sekondari mlangoni. Kilipoanza kufundisha mwaka 1971 wanafunzi wake walizidi 20,000, na wengi walikuwa watu wazima wenye kazi zao.

Hapa kwetu safari hiyo si mpya pia. Mwaka 1967 kule Kikuyu yalianzishwa masomo ya posta yaliyosaidiwa na redio, na walimu wengi wa shule za msingi walipandia hapo. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza digrii ya ualimu kwa wanafunzi wa nje. Ndugu zetu Watanzania waliunda Chuo Kikuu Huria chao kwa sheria ya mwaka 1992. Sisi tulichelewa, lakini Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwezi wa Agosti 2023, na makao yake ni Konza.

Twaomba wasomaji watazame jambo moja katika habari hizo. Kwa nini walimu walifaulu kwa wingi kuliko watu wa kazi nyingine? Si kwa sababu wana vichwa vikubwa kuliko vyetu. Ni kwa sababu shule hufungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, na chuo kilipanga mafunzo ya ana kwa ana katika likizo hizo. Mwalimu ana Agosti yake. Reli haifungwi Agosti. Gari la abiria laondoka hata Sikukuu ya Krismasi, na mtu wa signali yupo mahali pake. Kwa hiyo mfanyakazi wa zamu anayejisomea hapigani na vitabu peke yake. Anapigana na orodha ya zamu.

Na tupige hesabu, kwani wengi huanza bila kuipiga. Digrii ya kwanza ya vyuo vya Uingereza huhesabiwa pointi 360, na kila pointi hukadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 3,600. Chuo Kikuu cha London humpa mtu anayejisomea muda wa miaka 3 hadi 6 kwa digrii kama hiyo. Tuseme achukue yote 6: kila mwaka ana saa 600, na akipumzika majuma mawili tu katika mwaka, kila juma limebaki na saa 12. Saa mbili kila siku kwa siku sita, na Jumapili akae na watu wake. Kwa mtu atokaye ofisini saa kumi na moja jioni, yawezekana. Kwa mtu ambaye juma hili yuko zamu ya mchana, juma lijalo usiku, na lile la tatu ameitwa kumshikia mgonjwa, saa hizo lazima azichukue kutoka mahali. Huzichukua kwa usingizi wake, au kwa watoto wake. Hapana mahali pengine.

Lakini usingizi mtu aweza kuulipa baadaye. Siku ya mtihani haina baadaye. Twajua habari ya mwenzetu mmoja, hatutaji jina lake wala mahali pake pa kazi, ambaye alijisomea miaka miwili na kulipa ada ya karatasi nne. Alimwomba mkubwa wake mapema, naye akajibiwa kwa mdomo, "Hakuna shida." Juma la mtihani lilipofika, mkubwa yule alikuwa amehamishwa. Aliyemfuata akatazama orodha ya zamu, akaona pengo, akamwandika mtu wetu kazini siku mbili katika nne. Alipokwenda kueleza aliulizwa karatasi ya ruhusa iko wapi. Hakuwa nayo, kwani alipewa neno, na neno lilikuwa limehamishwa pamoja na mwenyewe. Karatasi mbili zilimpita. Ada haikurudi. Ikabidi angoje mwaka mzima.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mkubwa wa kwanza alikuwa mtu mwema, na hatuna ugomvi naye. Lakini wema wa mkubwa si haki ya mfanyakazi. Kinachotolewa kama hisani huondolewa kama hisani, na anayekiondoa hahitaji kutoa sababu.

Nelson Mandela aliijua habari hii kuliko sisi. Alikuwa na digrii ya B.A. ya UNISA tangu mwaka 1943, na alipofungwa katika kisiwa cha Robben alisomea sheria kwa Chuo Kikuu cha London kwa njia ya posta. Wafungwa wenzake wengi nao walijisomea, na wale wenye elimu waliwafundisha wasio nayo, hata walipokuwa wakichimba chokaa juani. Lakini kusoma kulihesabiwa kuwa upendeleo wa wakuu wa jela. Walipogundua kwamba Mandela aliandika kitabu cha maisha yake kwa siri, adhabu waliyomchagulia haikuwa kiboko, ilikuwa kumnyima ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Digrii yake ya sheria aliipata UNISA mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Hatusemi kazi yetu ni jela, na anayetaka kutusingizia hivyo asijisumbue. Twasema kwamba mahali popote ambapo kusoma ni upendeleo, mwenye upendeleo ana rungu mkononi.

Sasa sheria yasemaje? Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo, na Kenya iliuridhia mwaka 1979. Nchi inayouridhia hukubali kuweka siasa ya kuendeleza likizo ya namna hiyo, kwa mafunzo ya kazi, kwa elimu ya kawaida na ya uraia, na kwa elimu ya vyama vya wafanyakazi. Miaka mingi imepita tangu hapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa siku 21 za likizo ya mwaka, nazo ni za kupumzika. Siku za mtihani zimeachwa zipatanwe kati ya chama na mwajiri. Ikiwa chama hakikuziomba mezani, hazipo. Wengi wa wanaojisomea leo hufanya mtihani kwa likizo yao ya mwaka, na hurudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Katika kazi ya kuendesha magari ya reli hilo si jambo dogo.

Tena mwajiri asiseme kwamba masomo hayamhusu. Kila mwezi hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi katika mfuko wa mafunzo ya viwanda. Maana yake ni kwamba nchi imekwisha kukubali kwamba elimu ya mfanyakazi ni gharama ya kazi. Hatudai mfuko huo ulipe digrii ya mtu. Twadai wakati.

Wako watakaosema chama si shule, kazi yake ni mshahara. Twawauliza: siku ya mazungumzo ya mshahara, upande ule wa meza huja na nani? Huja na wakili, na mtu wa hesabu, na karatasi za faida na hasara zilizopigwa chapa vizuri. Sisi huja na haki, na haki isiyojua kusoma karatasi hizo huambiwa kampuni haina fedha, ikaamini. Tom Mboya alipokuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji wa Nairobi alijisomea kwa posta, na mwaka 1955 alikuwa tayari kwenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichoundwa kwa ajili ya wafanyakazi. Aliporudi, waajiri waliona tofauti mezani.

Wengine husema, na hili ni gumu zaidi, kwamba mtu akipata digrii hutukimbia, huvaa tai na kuwa mkali kuliko mkubwa aliyemtangulia. Hatukatai, tumewaona. Lakini anayesoma kwa kujificha, bila msaada wa mwenzake hata mmoja, atakuwa na deni gani kwetu siku akifaulu? Aliyebadilishiwa zamu na wenzake, akakalia kiti cha ofisi ya tawi usiku, akachangiwa nauli ya kwenda kituo cha mtihani, huyo ni vigumu kusahau. Wengine watasahau hata hivyo. Hiyo haitoshi kuwa sababu ya kumzuia kila mtu.

Kwa wanaotaka kuanza twasema machache. Kabla ya kutoa hata senti moja, iulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama digrii ya chuo hicho yatambuliwa Kenya, na jibu lipate kwa maandishi. Wako wauza vyeti wenye majina ya Kizungu na picha nzuri za majengo. Uliza ada yote mpaka mwisho pamoja na ya mitihani, si ya mwaka wa kwanza peke yake, na kama yalipwa kwa pauni au dola ukumbuke kwamba mshahara wako ni wa shilingi na thamani yake hupanda na kushuka. Usikope kwa wale watu wa riba ya mwezi. Na wale ambao tuliishia shule ya msingi ya misheni, wala si wachache, tusidanganywe na mtu anayetuahidi digrii mwaka kesho. Hapa Kenya mlango wa kawaida ni alama ya C+ katika mtihani wa KCSE, au kupitia diploma, na mtu mzima aweza kuufanya mtihani huo kama mtahiniwa binafsi. Njia ni ndefu, lakini ipo.

Basi, mapatano yetu na mwajiri yatakapofunguliwa tena, twataka yaandikwe mambo haya. Mfanyakazi aliyejiandikisha katika chuo kinachotambuliwa apewe kwa malipo siku ya kila karatasi ya mtihani na siku moja kabla yake, nje ya zile siku 21. Akiisha kuonyesha tarehe za mtihani miezi miwili mbele, zamu yake isiguswe bila idhini yake, hata mkubwa akibadilishwa mara tatu. Na ruhusa iandikwe, ipigwe muhuri, nakala ije kwa chama.

Upande wetu wenyewe hatungoji mwajiri. Ofisi za matawi zifunguliwe jioni nne kila juma, taa iwake, na katibu wa tawi asiwafukuze watu saa mbili kwa kuwa yeye ana njaa. Wanaosoma somo moja wakae pamoja.

Makatibu watuletee hesabu ya wanaosoma kabla ya mkutano wa matawi yote. Twajua wengi hawataki kujulikana, kwa hiyo karatasi isiandikwe jina la mtu. Iandikwe mahali pa kazi, chuo, na tarehe za mtihani zinazokuja, kisha ifungwe katika bahasha na kupewa mweka hazina wa tawi mkononi. Fomu ziko nyuma ya karatasi hii. Asiye na ya kujaza ampe mwenzake.