Yai, Chumvi na Mbegu ya Mpunga

Leo Bwana Shamba wako anakuandikia kutoka jikoni, hapa Mabwerebwere, Wilaya ya Kilosa.

Mwaka mmoja niliiloweka mbegu yangu ya mpunga. Binti yangu akaona punje nyingi zinaelea. Akauliza, "Baba, mbona hizi hazizami?" Nikamwambia aende akacheze. Nikazimwaga zote kitaluni. Miche ikaota kwa mapengo, nikaenda kuomba miche kwa jirani. Mimi, Bwana Shamba! Niliona aibu.

Msimu huu, kabla ya kupanda, fanya jaribio hili pamoja na watoto. Tafuta yai bichi lililotagwa karibuni, ndoo ya maji, chumvi, mwiko na mbegu ya mpunga. Usitumie mbegu iliyotiwa dawa.

Kwanza: Weka yai katika maji matupu. Litazama. Yai la siku nyingi huweza kuelea. Hilo halifai kwa kazi hii.

Pili: Toa yai. Tia chumvi kidogo kidogo, ukoroge mpaka iyeyuke. Rudisha yai. Endelea hivyo mpaka yai lielee. Waulize watoto: yai ni lile lile, kwa nini sasa linaelea? Waache wajibu kwanza. Kisha waeleze. Kikombe cha maji ya chumvi ni kizito kuliko kikombe cha maji matupu. Kwa hiyo maji ya chumvi hulibeba yai.

Tatu: Toa yai, mimina mbegu, koroga. Punje zilizojaa huzama. Mapepe huelea. Mche mchanga hula akiba iliyomo ndani ya punje mpaka upate mizizi na majani. Pepe halina akiba hiyo.

Nne: Engua zinazoelea. Osha mbegu zote mara tatu kwa maji safi, kwa sababu chumvi huzuia mbegu kuota.

Tano: Hesabu punje 10 zilizozama na 10 zilizoelea. Funga kila fungu katika kitambaa kibichi. Weka kivulini, unyunyizie maji kila siku. Siku ya 7 fungua. Mtoto ahesabu zilizoota, aandike katika daftari. Kama katika zile zilizozama zimeota chini ya 8, pima tena kwa punje 100. Zikiota chini ya 80, tafuta mbegu nyingine mapema.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Yeye aliweka maziwa ya moto katika jokofu. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amekosea, tena alichekwa. Hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na Dakta Denis Osborne, aliyefundisha fizikia Dar es Salaam, waliandika habari hiyo. Ilisomwa na wataalamu wa nchi nyingi, na mpaka leo wanaijadili.

Basi mtoto akikuuliza jambo jikoni, usimfukuze kama nilivyofanya mimi. Mwambie, "Hebu tujaribu tuone."

Tukutane mwezi ujao.

Bwana Shamba