Kijana Aulizwe Kabla ya Fomu

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, vijana wa Tanzania hulazimika kukata shauri, katika majuma machache, juu ya jambo litakalowashughulisha umri wao wote. Na aghalabu shauri hilo huwa limekwisha kukatwa zamani na baba, au na mjomba anayesomesha. Hatuwadharau wazee, ambao nia yao ni njema. Lakini kijana aliyeingizwa katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa kuwa nyumbani neno daktari hutamkwa kwa taadhima, hali moyo wake uko katika uhandisi, atakapoomba chuo ataulizwa Hisabati ya juu, naye hakuisoma.

Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na hapakuwa na la kuhitari. Leo fani ni tele, na udhuru huo haupo. Twawasihi basi wazazi wamsikilize kijana tangu Kidato cha Nne, na walimu wamweleze kwa tafsili kila fani yataka masomo gani.