Ubao uliooza: Gundi bila kuzuia maji ni hasara mara mbili

KILA masika yanapomalizika katika Bonde la Kilombero, mafundi seremala wa Ifakara hupelekewa kazi zinazofanana: miimo ya milango iliyooza chini, chaga za ghala zilizolegea, fremu za madirisha zinazobonyea kwa kidole na mitumbwi iliyopasuka. Wenye mali huchagua moja kati ya mambo mawili. Ama huacha mpaka kitu kianguke chenyewe, au hung'oa chote na kununua mbao mpya. Njia ya tatu, yaani kukata sehemu iliyooza na kuijaza kwa gundi ya epoksi au kuiunga kwa kipande kipya cha ubao, hutumika kwa nadra. Inapotumika, mara nyingi hufanywa katika msimu usiofaa na kwa vifaa visivyofaa.

Hili si suala la mafundi peke yao. Mkulima anayeweka mpunga ghalani baada ya mavuno akisubiri bei ipande anategemea mbao: chaga zinazoinua magunia kutoka sakafuni, mlango unaofunga vizuri na kenchi zinazobeba bati. Chaga ikioza, gunia hugusa sakafu. Punje iliyokwisha kukauka ikinyonya unyevu upya hupasuka ndani, na ikifika mashineni hutoa chenga badala ya mchele mzima. Unyevu ukizidi, ukungu huingia. Hapo ubao mmoja uliopuuzwa huwa umekula faida ya msimu mzima.

Wakati huohuo mbao nzuri haziwezi kuendelea kuhesabiwa kama mali ya bure. Zamani mtu wa bonde aliyehitaji mtumbwi au mlango imara aliweza kutafuta mvule au mkangazi msituni. Siku hizi miti mikubwa ya aina hiyo ni adimu. Safu ya Udzungwa ina Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuvuna katika misitu ya hifadhi. Mitiki imepandwa kwa wingi bondeni, na kampuni ya KVTC na pia na wakulima wadogo, lakini mtiki mchanga una sehemu kubwa ya mti mweupe wa nje, ambao hauna ukinzani wa ule mgumu wa ndani. Anayenunua ubao huo kwa kuamini kwamba mtiki hauozi hushangaa baada ya misimu michache.

Kwa hiyo kukarabati ubao uliopo ni hesabu ya kiuchumi. Swali ni lini hesabu hiyo inalipa.

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba ubao hauozi kwa uzee. Huoza kwa kuvu, na kuvu haiwezi kuishi bila maji. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi hata ukikaa miaka mingi. Ndiyo maana mwimo huoza pale chini unapogusa sakafu na si juu, na kenchi huoza chini ya bati lililotoboka na si penginepo. Mahali palipooza ni alama ya njia ya maji. Fundi anayejaza tundu bila kuuliza maji yametoka wapi anafungia unyevu ndani ya ubao, na kuvu inaendelea na kazi yake nyuma ya kiraka kinachopendeza kwa macho.

Jambo la pili ni kujua epoksi ni nini. Mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, aliitengeneza katika miaka ya 1930 akitafuta malighafi ya meno ya bandia, na mwaka 1946 kampuni ya Ciba iliitangaza sokoni kama gundi kwa jina la Araldite. Ina sehemu mbili: gundi yenyewe na kigumishi, ambacho mafundi wa mabodi ya magari hukiita hadina. Zikichanganywa huwa kitu kigumu kisichoyeyuka kwa maji. Isichanganywe na puti ya magari, ambayo baadhi ya mafundi huitumia kuziba milango kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Puti ile ilikusudiwa bati. Ubao huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Puti haiwezi kuufuata, hivyo huachia pembeni na kuruhusu maji kuingia.

Kazi ya epoksi ina taratibu zake. Ubao laini wote huondolewa kwa patasi mpaka ufikiwe ubao mzima, kisha huachwa ukauke kabisa. Ukuta wa tundu hupakwa kwanza epoksi nyepesi inayopenya kwenye nyuzi za ubao. Baadaye hujazwa epoksi iliyotiwa vumbi laini la mbao hadi iwe nzito kama ugali mlaini. Ikikauka hupigwa msasa na kupakwa rangi, kwa sababu jua huiharibu epoksi iliyoachwa wazi. Kipimo cha gundi na kigumishi kifuatwe kama kilivyoandikwa na mtengenezaji. Kuzidisha kigumishi kwa matumaini ya kuharakisha kazi hakuongezi ugumu. Huacha kiraka kinachonata milele. Mtiki una mafuta yake ya asili, hivyo hupigwa msasa na kupanguswa kwa asetoni kabla ya kupakwa, la sivyo gundi huteleza.

Joto la Ifakara nalo lina neno lake. Epoksi hukauka haraka zaidi kadiri joto linavyopanda, na ikirundikwa ndani ya kopo refu hujipasha moto yenyewe hadi kutoa moshi. Fundi mwerevu huchanganya kidogo kidogo, asubuhi, kwenye chombo kipana. Avae glovu, kwani gundi ambayo haijakauka huleta mzio wa ngozi ambao ukishaanza hauondoki kwa urahisi.

Jambo la tatu ni kipimo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tundu la urefu wa sentimita 10, upana wa 5 na kina cha 4 linahitaji mililita 200 za kujaza. Hiyo ni kazi ya gundi. Lakini mguu wa nguzo ya sentimita 10 kwa 10 uliooza kwa urefu wa sentimita 30 unahitaji lita tatu. Kujaza lita tatu za epoksi mahali ambapo kipande cha ubao kingetosha ni kutupa fedha. Hapo sehemu iliyooza hukatwa yote, kipande kipya kikaungwa kwa mkato wa mshazari, na epoksi ikatumika kubandika tu. Kwa ufupi, gundi ni ya tundu, ubao ni wa nguzo.

Kuna pia mahali ambapo gundi haifai kabisa. Kenchi au boriti inayobeba paa, ikiwa imeoza katikati, isiaminiwe kwa kiraka. Mtumbwi uliopasuka mwishoni unaweza kuzibwa baada ya kukaushwa kivulini kwa wiki kadhaa, lakini mtumbwi ambao sakafu yake imekuwa nyembamba kwa kuchakaa umemaliza kazi. Mto Kilombero hausamehe, na uhai wa abiria haupimwi kwa bei ya mti.

Wapo watakaosema kwamba oili chafu ya injini inatosha, kama ilivyozoeleka kwenye nguzo za uzio. Kwenye uzio inaweza kuchelewesha mchwa kwa muda. Ndani ya ghala la chakula haina nafasi, na ubao uliopakwa oili hauwezi tena kushika gundi yoyote.

Sasa hesabu. Kwa mfano, ukarabati wa mwimo ukigharimu shilingi 30,000 na kudumu miaka mitano, gharama yake ni shilingi 6,000 kwa mwaka. Fremu mpya ya shilingi 120,000 ikidumu miaka 15 ni shilingi 8,000 kwa mwaka. Ukarabati umeshinda. Lakini ukarabati uleule, ukifanywa bila kuzuia maji na kuoza tena baada ya mwaka mmoja, umegharimu shilingi 30,000 kwa mwaka, na fremu mpya bado itanunuliwa. Bei za kila duka zitatofautiana, ila kanuni haibadiliki: faida ya ukarabati haiko kwenye gundi, iko kwenye miaka ambayo kiraka kitadumu. Na miaka hiyo huamuliwa na maji.

Ndiyo sababu kalenda ina uzito kuliko kopo la gundi. Mwenye ghala huona tatizo masika, bati linapovuja, na humwita fundi wakati huohuo. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote, kwa sababu ubao umelowa na epoksi haishiki vizuri kwenye ubao uliolowa. Masika ni wakati wa kukagua, kuweka alama na kuziba bati. Kukarabati ubao ni kazi ya kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, mbao zikiwa kavu na mkulima akiwa na fedha ya mavuno mkononi.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kusubiri mradi wa mfadhili. Kwanza, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Ifakara, Mang'ula na Mlimba walete epoksi ya ujazo wa lita. Mirija midogo ya mililita chache inafaa kuunga kikombe, si kukarabati ghala. Pili, VETA na SIDO, ambao wamezoea kuwafikia mafundi wadogo, waingize ukarabati wa mbao katika mafunzo yao mafupi, maana somo lenyewe halizidi siku chache. Tatu, vyama vya ushirika na kamati za maghala zitenge fungu dogo la ukarabati kila baada ya mavuno, na fundi alipwe kwa masharti ya kuonyesha kwanza njia ya maji ilikozibwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa Kilombero ufa wa kwanza hauko kwenye ubao. Uko kwenye bati lililotoboka, kwenye mfereji ulioziba na kwenye mwimo uliosimamishwa juu ya udongo bila jiwe. Vikiangaliwa hivyo kiangazi hiki, kopo moja la gundi litafanya kazi ya mbao nyingi. Visipoangaliwa, hakuna gundi dukani itakayotosha.