Karatasi ya maandazi

Ijumaa moja ya msimu wa korosho, nikiwa Nalasi, nilitoka msikitini nikapita kwa bibi mmoja anayekaanga maandazi kando ya njia. Baada ya shikamoo na marahaba, alinifungia manne katika ukurasa wa gazeti. Nilipoufungua, mafuta yalikwisha kulowesha herufi, na katikati ya doa ilikuwamo aya ya Qur'ani pamoja na tafsiri yake. Nilimwonesha. Alishtuka, akasema: "Mjukuu wangu, mimi sijui kusoma. Najua karatasi tu."

Tangu tarehe 1 Juni 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, karatasi imerejea sokoni kwa nguvu. Nasi tunaoandika magazeti twajua mwisho wa kazi yetu: kufungia karanga.

Wala hilo si la kudharauliwa. Itazameni trei ya mayai. Ni karatasi chakavu iliyolowekwa majini, ikapondwa hata ikawa kama uji, ikamiminwa katika kalibu na kukaushwa. Maboksi mengi ya kahawia yanayoleta sabuni na biskuti madukani yana asili hiyo hiyo. Kifungashio cha namna hii huokoa miti, na kwa kawaida hutumia maji na nishati kidogo kuliko karatasi mpya. Si kwamba hudumu milele: nyuzi za karatasi hufupika kila zinapopondwa, na baada ya mara 5 hadi 7 hazishikani tena, zikahitaji kuchanganywa na mpya. Alumini haina udhaifu huo. Kuyeyusha makopo ya zamani huokoa takribani asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kuipata kutoka kwenye mawe.

Lakini kiwandani karatasi hupondwa na kusafishwa. Jikoni kwetu haipiti popote. Gazeti lililofungia andazi la moto bado ni gazeti, na wino wake huyeyuka katika mafuta na kuingia katika chakula cha mtoto.

Na hayo ni madogo. Mkulima wa korosho anajua kuliko mimi kwamba kifungashio kina athari kwa kilichomo. Korosho ghafi hutiwa katika gunia la juti kwa sababu linapitisha hewa. Katika mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuota ukungu, na nyuzi za plastiki huchanganyika na korosho. Mkulima huyo huyo, aliye makini hivyo na zao la kuuza, aweza kurudi nyumbani akakuta unga wa familia umehifadhiwa katika mfuko uliokuwa na salfa ya mikorosho, na maji ya kunywa yamo ndani ya dumu lililokuja na dawa ya wadudu. Mama atasema ameliosha kwa sabuni na mchanga. Namwamini. Hata hivyo, plastiki hunyonya dawa, na chombo chaweza kuwa tohara kwa hukumu ya fiqhi kikabaki sumu kwa tumbo. Dumu la dawa husuuzwa mara 3, maji yake yakarudishwa katika bomba la kupulizia, kisha likatobolewa ili asije mtu akalitamani.

Nirudi kwenye aya. Sayyidna Uthman (r.a.), alipokusanya umma juu ya msahafu mmoja, aliamuru nakala nyingine zichomwe. Wanazuoni wametaja pia kuzika mahali safi na kuosha wino kwa maji mpaka maandishi yatoweke. Kwa maoni yangu, ukurasa unaopondwa majini hata usibaki na herufi, ukageuka boksi, uko karibu zaidi na njia hiyo kuliko ukurasa unaofungia andazi na kutupwa mtaroni. Hata hivyo, kutoka Nalasi hadi kwenye kiwanda cha karatasi ni safari ndefu, na hakuna atakayeifunga kwa ajili ya kilo 2 za magazeti. Basi kurasa zenye aya tuzitenge kwanza nyumbani, kabla bunda halijauzwa kwa muuza maandazi.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi na bakuli langu lenye mfuniko. Alikuwa ameukunja ule ukurasa na kuuweka juu ya kabati, akimsubiri mjukuu wake atoke madrasa amchambulie bunda zima, ukurasa kwa ukurasa. Maandazi yalikuwa katika sinia, yamefunikwa kitambaa.