Kumkata Paka Kizazi
SUALI: Tunaye paka jike wa Kiajemi katika ghorofa yetu hapa Kariakoo. Je, yafaa kumkata kizazi, na lini?

JAWABU: Katika mas-ala haya wanavyuoni wamekhitalifiana. Imam Nawawi, katika madhehebu ya Kishafii, amekataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Wanavyuoni wa Kihanafi wameruhusu pakiwapo manufaa au madhara ya kuondoshwa.

Basi tazameni kwanza sababu. Ikiwa ni kutaka raha yenu tu, mwacheni. Lakini paka huchukua mimba kama miezi 2, na kwa mwaka huweza kuzaa zaidi ya mara moja. Watoto watalelewa na nani? Kuwatupa sokoni wafe njaa ni dhambi isiyo na khitilafu: Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfungia paka bila ya chakula.

Mkilihofia hilo, wala hamwezi kumtenga na madume, kauli ya Kihanafi ina nafasi. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, apasuliwe kwa dawa ya usingizi, akiwa na miezi kama 5, kabla hajaanza kutaka dume; hivyo hupunguziwa pia khatari ya saratani ya matiti. Wallahu aalam.