Mzazi, usimnyang'anye mwanao filimbi

Leo nina jambo la kuungama mbele yako, na naomba usinihukumu kabla hujanisikiliza hadi mwisho.

Mapema mwaka huu nilimtoa binti yangu katika kwaya ya shule. Yuko gredi ya nane, na alama zake za hisabati zilikuwa zimeanza kushuka. Nilifanya kama wafanyavyo wazazi wengi wa mjini: nikaona saa za mazoezi ni saa zinazopotea, nikazigeuza kuwa saa za tuisheni. Mtoto hakubisha. Aliikunja sare yake ya kwaya, akaiweka chini kabisa kabatini. Nami nikajipongeza kwamba nimelea.

Wiki chache baadaye zilinifikia habari kwamba mwalimu aliyetufunza muziki katika shule ya msingi ameaga dunia.

Vijana huenda wasijue kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, muziki ulikuwa somo la kutahiniwa. Sisi wa siku hizo tulinunuliwa filimbi za plastiki, tukaimba do-re-mi tukitazama ubao, tukapiga makofi ya "taa" na "ta-te" hadi viganja vikawasha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 muziki uliondolewa katika mtihani wa KCPE, na katika shule nyingi filimbi nazo zikatoweka. Kwetu sisi, kisichotahiniwa huwa hakina mwenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa na kichuma chenye ncha mbili. Alikigonga gotini, akakisikiliza, kisha akatupa sauti ya kuanzia. Kanuni yake ilikuwa moja: "Ukikosea, usikimbie. Rudi mwanzo wa mstari."

Mazishini tulifika wanafunzi wake wa zamani kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mwanamuziki. Je, jasho la mwalimu lilikuwa la bure?

Hasha! Tulipoketi kunywa chai, kila mtu alikuwa na lake. Mwenzetu mmoja ni fundi wa magari pale Grogan. Alisema wateja humletea gari wakieleza dalili chungu nzima, ilhali yeye huwaomba wanyamaze kwanza, aisikilize injini. Mwingine, ambaye utotoni alikuwa na kigugumizi kikali, ndiye aliyezungumza kwa niaba yetu kaburini. Alipokuwa mtoto hakuweza kutamka jina lake bila kukwama, lakini akiimba maneno yalitiririka. Kigugumizi hakijamtoka, ila alijifunza kuvuta pumzi kabla ya kuanza, na pumzi hiyo imempitisha katika usaili wa kazi na katika posa. Mkunga mmoja naye alisema kwaya ndiyo iliyomfunza kungoja zamu yake bila kukaa bure: ukinyamaza, unahesabu.

Lakini nisikufiche, msomaji. Mwenzetu mmoja hakuimba nasi. Alinivuta kando akaninong'oneza kwamba mwalimu huyohuyo alimchapa vidole kwa rula kwa kukosea noti mbele ya darasa, na tangu siku hiyo hajaimba tena, hata kumbembeleza mwanawe mwenyewe. Alikuja kuzika kwa heshima, basi. Nilikosa la kumjibu. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, nasi husahau kwamba samaki mbichi pia hukunjika vibaya.

Sisemi, basi, kwamba muziki ni dawa ya kila kitu. Wako wanaodai kwamba humwongezea mtoto akili za hisabati. Utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba madai hayo yamepigwa chuku. Ninachosema ni kwamba mtoto anayeimba na wenzake hufunzwa kusikiliza, kungoja, na kukosea mbele ya watu kisha kuanza upya. Tuisheni gani inafunza hayo?

Twende pale Korogocho, hapa Nairobi, karibu na jaa la taka la Dandora. Tangu mwaka wa 2008 mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, umekuwa ukiwafunza watoto wa mtaa huo fidla, tarumbeta na ala nyinginezo. Baadhi ya waliofunzwa pale ndio sasa wanaowafunza wadogo wao. Kama wazazi wa Korogocho, pamoja na dhiki zao, wanaona faida ya kumwachia mtoto saa mbili za muziki, mimi mwenye televisheni sebuleni nilikuwa na udhuru gani?

Kaburini tuliimba wimbo tuliopeleka katika Tamasha za Muziki tukiwa darasa la saba. Tulianza ovyo; besi waliingia mapema, tukavurugika. Tukatazamana. Bila kuambiwa na mtu, tukanyamaza, tukarudi mwanzo wa mstari.

Jioni hiyo nilimwomba binti yangu radhi. Kesho yake nikaenda shuleni. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza kwa adabu, akanijibu kwamba nafasi ya mtoto imeshapewa mwingine, na si haki kumtoa huyo. Alisema kweli. Binti yangu anaruhusiwa kufanya mazoezi, lakini mwaka huu hatapanda jukwaani. Kosa ni langu, lakini anayelilipia ni yeye.

Hata hivyo anakwenda, Jumanne na Alhamisi, na sare ameitoa kabatini akaipiga pasi. Hisabati tunazifanya pamoja baada ya chajio.

Nawe msomaji, kabla hujampunguzia mwanao mambo ili asome zaidi, muulize kwanza ni lipi lisiloguswa. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.