Tusiwachore Wenyeheri Wetu kwa Haraka

Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na Bruda Vittorio Faccin, walitangazwa Wenyeheri. Ni haki Wakristu wa Baraka na Fizi kutamani sanamu zao ukutani mwa kanisa. Lakini tunawapinga wale wasemao: "Mpeni kijana rangi, achore upesi, amalize kabla ya sikukuu." Kufanya hivyo si kuwaheshimu mashahidi.

Tumtazame Rubens, mchoraji mkuu wa Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 1610, alipoanza sanamu yake ya Msalaba ukiinuliwa, hakurukia rangi. Alimsimamisha mtu mbele yake, akamchora kwanza juu ya karatasi kwa chaki nyeusi, akatia nyeupe penye mwanga: mgongo unaojikaza, mkono unaovuta, mguu unaokanyaga. Je, baadaye alizitupa karatasi zake? Hata kidogo! Katika wasia wake aliagiza zisiuzwe, zingojee kama mmoja wa wanawe atakuwa mchoraji, au binti yake ataolewa na mchoraji. Tajiri yule aliziona kuwa urithi. Sisi ni nani tuziite mchezo wa watoto?

Tarehe 28 Novemba 1964, hapo Baraka, Padri Carrara alipiga magoti kando ya maiti ya Bruda Faccin, akauawa. Atakayemchora bila kumtazama kwanza mtu aliyepiga magoti, atatuletea gunia lililovikwa kanzu. Siku ile ile Padri Joubert aliuawa Fizi pamoja na Padri Didonè. Baba yake alikuwa Mfaransa, mama yake Mkongo. Uso wake usikisiwe, picha zake zipo.

Watasema: fedha hatuna. Chaki ya shule na kaa la jikoni ni bei gani? Mvuvi avutaye wavu Baraka, mama apandaye na mzigo wa mihogo njia ya Fizi, hao ndio wa kutazamwa. Waombwe kwa adabu wasimame kidogo.

Basi, wazee wa parokia, msimpe kijana rangi kabla hajawaonyesha karatasi zake. Akizileta, zitazameni kwa makini, mwambieni palipopotoka, arudie. Na kazi ikiisha, zitunzwe parokiani, ili wadogo zake wajifunze kwazo.